Mwaka Nilioitwa Shushushu

Gwakisa alipopewa kipaza sauti nilijua kuna kitu atakiruka, ila sikujua ni kipi. Tulikuwa tumekutana Tukuyu, sisi tuliosoma sekondari pamoja na ambao bado tungali hai, katika ukumbi mdogo nyuma ya nyumba ya wageni. Mvua ilipiga bati kwa nguvu, na kila baada ya sentensi mbili msemaji ilimbidi anyamaze asubiri ipungue. Mezani palikuwa na ndizi za nyama, wali, na chai iliyokwisha kupoa kwa sababu ya dua na utambulisho. Siku hizi Gwakisa ni mtu mzima mwenye kitambi na koti zuri, mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Lufingo, na akisema watu hutulia. Alikuwa akimzungumzia Madam Zainabu, mwalimu wetu wa darasa, ambaye habari za msiba wake zilitufikia kutoka Pangani muda si mrefu uliopita. "Madam alitufundisha kuaminiana," alisema. "Hakushika fimbo hata siku moja. Alituamini, na sisi tukamwamini." Watu wakapiga makofi. Atupele, aliyeketi kando yangu, alinigusa goti chini ya meza. Sikumgeukia. Nilikuwa nikiwatazama wenzangu usoni, mmoja baada ya mwingine, nione ni nani anayekumbuka, na niliona wengi wamekazia macho sahani zao.

Na mimi nimefundisha, miaka mingi, mbali na huku. Nimesimama mbele ya madarasa yenye kelele na madarasa yenye kimya, na nimejifunza kuogopa zaidi yale ya kimya. Kila nikisikia mwalimu anasifiwa kwamba wanafunzi wake walimwamini, huwa nauliza moyoni: waliamini nini hasa, na nani aliumia mpaka wakaamini? Huenda ni ubaya wangu. Mume wangu huniambia kwamba mimi nikipewa zawadi huanza kutazama chini yake kwanza. Lakini tabia hii sikuzaliwa nayo. Naijua ilikotoka. Ilitoka katika chumba kimoja chenye madirisha yasiyo na vioo, juu ya kilima, njia ya kwenda Ikuti, mwaka niliokuwa Kidato cha Pili B.

Kabla ya Madam, nidhamu kwetu ilikuwa kujua nani anakutazama. Monita alikaa mbele akiandika majina ya wapiga kelele, na Mwalimu Anyosisye, mwalimu wa nidhamu, alikuja kuyasoma huku ameshika fimbo ambazo sisi wenyewe tulitumwa kuzikata. Aliyepigana na monita jana aliandikwa leo hata kama alikuwa amelala. Kwa hiyo tulijifunza kusema kwa Kinyakyusa, chini chini, pale walimu wa kutoka mbali walipokuwa zamu, maana hao hawakukielewa. Ilikuwa ni marufuku kusema kilugha shuleni, lakini ndiyo ilikuwa nyumba yetu ndani ya nyumba. Mwalimu kutoka Bukoba au Tanga angesimama mbele yako nawe ukamsengenya, na yeye akatabasamu akidhani mnajadili hesabu.

Madam Zainabu aliingia darasani siku ya ukungu mzito, sweta limevaliwa juu ya baibui, viatu vyake vya wazi vimejaa tope jekundu. Alikuwa msichana bado, mwembamba, anatetemeka kwa baridi. Gwakisa, ambaye wakati huo alikuwa kijana mrefu anayekaa nyuma na kusikilizwa na wote, alisema kwa Kinyakyusa, tena kwa sauti ya kutosha: "Huyu wa pwani atalia kabla mvua hazijakwisha." Darasa zima likacheka. Madam naye alitabasamu, akafuta ubao kwa kiganja, akaandika jina lake. Kisha akatuambia mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia. Hatampiga mtu. Hataki kuletewa jina la mtu yeyote. Darasa ni letu, tuliendeshe wenyewe: nani afagie, nani achote maji, nani ampelekee mgonjwa masomo aliyoyakosa. Na kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, tutakuwa na baraza. Tutachagua mwenyekiti wetu, na yeye Madam atakaa benchi la nyuma, na akitaka kusema atanyoosha mkono kama sisi. "Mtakalokubaliana nitalifuata," alisema, "alimradi halimuumizi mtu mwili wala halimfukuzi mtu shule." Tulimtazama tu. Wakati wa mapumziko, tukila kande zetu nyuma ya jiko, neno lilikuwa moja: mtego.

Tulimchagua Gwakisa kuwa mwenyekiti, nusu kwa mzaha. Wiki za mwanzo tulisubiri fimbo itokee. Haikutokea. Kilichotokea kilitutisha zaidi: Madam alikuwa anajua mambo. Atupele alikuja bila kula siku mbili kwa sababu nyumbani kulikuwa na ugomvi. Hakumwambia mtu ila mimi, pale pale benchi, na saa nne Madam akamwita akampa ndizi za kuchemsha zilizofungwa kwenye jani. Gwakisa na wenzake walipanga kutoroka kipindi cha mchana wakavune parachichi za mtu kule Kyimo. Madam akasogeza jaribio likawa mchana huo huo. Hakumkaripia mtu. Alikuwa tu anajua. Wengine walianza kunong'ona kwamba wa pwani wana mambo yao. Mimi sikuamini hayo, nilijiuliza tu ni nani kati yetu anayempelekea maneno, na nilipokuwa nikiwakagua wenzangu kwa pembe ya jicho, sikujua kwamba wenyewe wamekwisha kunikagua na kumaliza.

Sababu yao ilikuwa nyepesi. Madam alikuwa amepanga chumba nyumba ya jirani yetu, ukuta kwa ukuta na jiko la bibi yangu, na kila jioni nilimpelekea maziwa. Kwao hilo lilitosha. Kisha likaja suala la fimbo. Mwalimu Anyosisye alikuwa ametangaza mstarini kwamba Kidato cha Pili B imekuwa kama soko, na kwamba mkuu wa shule akichoka na majaribio ya wageni, darasa litarudi mikononi mwake. Gwakisa akapanga kwamba Ijumaa, wakati wa michezo, watachukua fimbo zote zilizo kwenye kona ya ofisi ya walimu wazitumbukize chooni. Walipanga darasani, kwa Kinyakyusa, Madam akiwa anasahihisha madaftari mezani kwake. Alhamisi, akiwa anakusanya chaki zake atoke, alisema bila kuinua macho: "Kesho mkitoka michezoni mje darasani moja kwa moja. Na fimbo za Mwalimu Anyosisye ziacheni zilipo. Mkizitupa, nitakayefukuzwa ni mimi." Akatoka. Nilisikia benchi la nyuma likisukumwa. Nilipogeuka, Gwakisa hakuwa akiutazama mlango. Alikuwa akinitazama mimi.

Toka hapo niliitwa shushushu. Hawakunipiga, hata kunitukana hawakunitukana sana. Walikuwa wananyamaza tu nikifika. Nikikaribia jikoni na bakuli langu, mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Benchi langu lilikuwa la watu watatu, nikabaki mimi na upepo wa dirishani. Atupele alikuwa wa mwisho kuhama. Alichukua begi lake polepole, akaniambia, "Tuse, sisemi ni wewe. Lakini yale ya njaa nilikwambia wewe peke yako." Nikamwambia, "Atu, naapa kwa Mungu." Akasema, "Mimi sijui," akaenda. Usiku nilikuwa nayapitia maneno yote niliyowahi kusema mbele ya Madam mlangoni kwake: shikamoo, maziwa haya hapa, bibi anakusalimu. Nilianza kujitilia shaka hata mimi, nikidhani labda nimewahi kuropoka bila kujua. Mtu akishukiwa na wengi, hufika mahali akajichunguza kama mwizi anavyochunguzwa.

Nilikwenda kwa Madam nikamwomba awaambie kwamba si mimi. Nilimkuta anapepeta mchele kwenye ungo. Mikono yake ilisimama. "Nitazungumza nao," alisema. Niliuliza, "Kwani nani anakwambia, Madam?" Akainama, akaokota chuya moja, akaitupa. "Hakuna anayeniambia, Tusekile." Nikaona ananidanganya. Nikachukua chombo cha maziwa nikarudi nyumbani, na tangu jioni ile na mimi nikaanza kumpeleleza.

Jibu lilinijia bila kulitafuta. Siku moja tulirudishwa mapema kwa ajili ya mvua, nikapitia nyuma, kwenye migomba, nisiloe sana. Jikoni kwa bibi nilisikia sauti mbili zikizungumza Kinyakyusa. Moja ilikuwa ya bibi. Nyingine nilidhani ni ya mtoto, kwa namna ilivyokuwa inatamka, maneno ya kitoto ya zamani ambayo sisi hatukuyatumia tena. Sauti ile ilicheka, ikasema, "Ndaga fijo, bibi," asante sana. Nikachungulia. Madam Zainabu alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, sweta lake limeanikwa juu ya jiwe, anamenya ndizi mbichi kwa kisu cha bibi, mikono imepakwa mafuta ya kula ili utomvu usigande, kama mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo. Aliponiona, ndizi ilimdondoka.

Bibi hakushtuka hata kidogo. "Ingia, unalowa," aliniambia. Ndipo nikaambiwa. Baba yake Madam alikuwa fundi cherehani Tukuyu mjini, mtu wa Pangani, mwenye kibaraza karibu na soko. Madam alizaliwa pale, akacheza na watoto wa pale, mpaka baba alipofariki na mama yake akamrudisha pwani angali mdogo. Bibi alimjua kwa sura tangu wiki ya kwanza, kwa sababu fundi huyo ndiye aliyemshonea gauni la harusi ya mwanawe. "Kwa nini hukuniambia, bibi?" niliuliza. Bibi akageuza kuni. "Nilijua mnajua. Mwalimu wenu, mnakaa naye kutwa nzima. Ningewaambia nini?" Madam alikuwa amesimama, anafuta mikono kwenye kanga. "Siku ile ya kwanza nilitaka kuwasalimu kwa Kinyakyusa," alisema. "Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Gwakisa akasema vile. Nikaona nikijibu nitamwaibisha mbele ya wenzake, nikanyamaza. Kesho yake nikasikia nani hajala. Keshokutwa nikasikia nani anapigwa nyumbani. Nikaona, nikisema naelewa, sitasikia tena." Nilimuuliza, "Na mimi?" Aliendelea kufuta mikono. Nikamwambia kwa hasira, "Madam, utawaambia wewe au nitawaambia mimi." Akasema, "Nipe muda kidogo. Mkuu wa shule anasubiri nikosee tu. Wakijua sasa, darasa litavurugika na Mwalimu Anyosisye atalichukua." Maneno yake yalikuwa ya kweli yote, na bado nilihisi natumiwa.

Nilimpa muda. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Labda nilizoea kuwa peke yangu, labda niliogopa fimbo kuliko benchi tupu. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi nilimtazama akiingia darasani, nikasema moyoni, leo atasema, na kila mchana alitoka hajasema. Sasa nilikuwa nasikia kwa masikio yake. Wasichana walipomsengenya kwa Kinyakyusa kwa jinsi anavyotembea kwenye tope, niliona bega lake likikaza kidogo, na nikashangaa ilikuwaje hatukuona kitu hicho siku zote hizo.

Ijumaa moja Gwakisa alifungua baraza, akasema kuna ajenda moja tu. "Kuna mtu humu anatuchongea. Madam alisema hataki majina, lakini kuna mtu anampelekea. Tusekile, simama." Nilisimama. Madam alikuwa benchi la nyuma, mikono juu ya meza, kama mwanafunzi. Walisema waliyoyasema: maziwa, nyumba, fimbo. Atupele aliulizwa habari za njaa yake, akajibu kwa sauti ndogo kwamba aliniambia mimi tu. Ilikuwa kesi nzuri. Hata mimi, kama ningekuwa upande wao, ningeshawishika. Gwakisa akatangaza adhabu: nitaosha vyoo peke yangu hadi muhula uishe, na hakuna atakayekaa na mimi. "Una la kujitetea?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo mdomoni kama jiwe. Nilimtazama Madam, naye akanitazama, na nikaona anaogopa, mtu mzima mwenye cheti chake anamwogopa mtoto. Nikasema, "Sikusema kitu kwa mtu. Anayejua aliyesema yumo humu ndani. Namsubiri." Watu wakaanza kutazamana. Niliona shaka ikihama kutoka kwangu na kutambaa kwenye mabenchi, kila mmoja akimpima jirani yake. Gwakisa naye aliiona, akaharakisha. "Wanaokubali adhabu, mikono juu." Mikono ikapanda. Wa Atupele ulichelewa, lakini ulipanda. Kisha ukapanda mkono mwingine, nyuma kabisa.

"Madam, tuko kwenye kura," Gwakisa alisema. Mkono haukushuka. "Haya. Ruhusa."

Madam alisimama akasema kwa Kinyakyusa, "Ni mimi. Hakuna aliyeniambia. Mmeniambia ninyi wote." Alisema kwa lafudhi ile ya mtoto mdogo, na mvulana mmoja akacheka kabla hajaelewa anacheka nini. Kisha kicheko kikafa. Msichana wa mbele yangu alijifunika mdomo kwa viganja vyote viwili; nadhani alikuwa anayakumbuka yote aliyowahi kusema katika chumba kile. Gwakisa alikuwa amesimama na chaki mkononi. Aliuliza, naye kwa Kinyakyusa, "Tangu lini?" Madam akajibu, "Tangu siku ya kwanza. Ulisema nitalia kabla mvua hazijakwisha." Halafu akageukia Kiswahili, akasema kwamba alituambia darasa ni la wenye kuwajibika na yeye mwenyewe hakuwajibika, kwamba mwenzetu ameonewa mbele ya macho yake naye alikuwa anahesabu hasara zake. Hakulia. Alibaki amesimama akisubiri.

Gwakisa aliweka chaki mezani. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa haki au kisasi: "Adhabu imepitishwa. Ni ya mwenye kosa." Madam akasema, "Naikubali." Jumatatu tulimkuta amevaa mabuti ya mpira, ndoo na ufagio mkononi, anaosha vyoo vya wasichana. Mwalimu Anyosisye alisimama kibarazani akicheka mpaka akashika ukuta. Mkuu wa shule alimwita ofisini, akatoka macho mekundu, akarudi kwenye ndoo yake. Siku zilizofuata baadhi ya wanafunzi walimsaidia kuchota maji, Gwakisa akiwemo. Wapo waliokwenda kwa kumpenda. Wapo waliokwenda ili waonekane wamekwenda. Niliwatazama wote na sikuweza kuwatofautisha. Darasa halikurudi kwa Mwalimu Anyosisye. Likawa tulivu kuliko yote shuleni, zamu zikafanyika, mtihani wa taifa tukaufanya vizuri. Lakini Kinyakyusa kilihama chumbani mle. Tulikuwa tunajiongoza, naam, na kila mmoja akiwa ameshikilia ulimi wake. Atupele alirudi benchi letu, akakata parachichi lake vipande viwili akanisogezea kimoja. Nilikila. Sikumwomba aombe radhi, naye hakuomba.

Kule ukumbini, watu walipoanza kupakua chakula, nilimfuata Gwakisa. "Habari ya baraza umeiacha wapi?" nilimuuliza. Akacheka kidogo, akatazama kama kuna anayesikia. "Tuse, pale wapo walimu wawili wa shuleni kwangu. Niwaambie nini, kwamba tulimtuma mwalimu kuosha vyoo? Kesho si watoto wataniletea ndoo mimi?" Kisha sura yake ikabadilika. "Na wewe ungekuwepo kwenye hadithi hiyo. Nilidhani hutaki." Sikumwamini moja kwa moja, lakini nilimpakulia ndizi, tukala tumesimama.

Madam alihamishwa mwisho wa mwaka ule. Walisema ni uhamisho wa kawaida. Mchana wa kuondoka kwake bibi alinituma na maziwa ya mgando, ayanywe kabla ya safari. Chumba kilikuwa tupu, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, masanduku yako mlangoni. Alinisogezea kigoda, nikakataa. Nilikuwa nimesubiri miezi kuuliza swali moja, na nililiuliza nikiwa nimesimama, kwa Kinyakyusa, ili asipate pa kujificha.

"Kama wasingenyoosha mikono siku ile, ungesema?"

Alishika kile chombo cha maziwa kwa mikono miwili. Nilimwona akilitafuta jibu zuri, lile ambalo mwalimu humpa mtoto, na nilikuwa tayari kulitupa akilitoa tu. Nje, mtu aliyekuja kubeba mizigo alikuwa anamwita.

"Sijui, Tusekile," alisema. "Kweli sijui."

Nilivuta kigoda, nikakaa, nikamngoja amalize maziwa yake.